Jina la mfalme halikumpigia Oh mpira

Nafundisha vijana besiboli hapa Dar es Salaam. Mzazi akinilalamikia kwamba mwanawe amepewa jina la shujaa lakini uwanjani hafui dafu, humsimulia habari za Sadaharu Oh, mpigaji maarufu wa besiboli wa Japani.

Oh alizaliwa Tokyo mwaka 1940, baba Mchina, mama Mjapani. Jina la ukoo alilorithi kwa baba huandikwa kwa alama yenye maana ya mfalme. Ufalme huo haukumfaa kitu alipokuwa kijana. Mwaka 1957 aliipa shule yake ubingwa wa Koshien, mashindano ya taifa ya besiboli ya shule za sekondari, kisha mwaka uleule akazuiwa kucheza mashindano mengine ya taifa kwa sababu hakuwa raia wa Japani. Inauma hadi leo. Alipojiunga na Yomiuri Giants, timu ya kulipwa ya Tokyo, mwaka 1959, msimu mzima alipata homurani (mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja) 7 tu, na mashabiki wakamzomea kwa jina lake mwenyewe: mfalme wa kukosa mipira!

Kocha wake wa upigaji, Hiroshi Arakawa, hakumpa hotuba. Aliona kijana anachelewa kuzungusha rungu, akalishughulikia hilo. Mwaka 1962 Oh akaanza kupiga akiwa amesimama kwa mguu mmoja: mrushaji anapojiandaa, yeye anainua goti la kulia na kutulia kama heroe, mpira ukifika ndipo anashusha mguu na kupiga. Nje ya uwanja alishika upanga na kukata kipande cha karatasi kilichoning'inizwa. Karatasi haikatiki kwa nguvu. Ukiyumba kidogo tu, inasogea pembeni. Mwaka huo homurani zikafika 38, mwaka 1964 zikawa 55. Tarehe 3 Septemba 1977 alipiga homurani ya 756 na kuipita jumla ya Hank Aaron, mpigaji nyota wa Marekani, na alipostaafu mwaka 1980 alikuwa nazo 868.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akikosa mpira usimkumbushe jina lake mbele ya wenzake. Nimeona mabega yanavyokakamaa papo hapo, na mpira unaofuata anaukosa vibaya zaidi. Kaa pembeni, mwangalie miguu. Mara nyingi utaona mguu wa mbele unatua mapema, uzito wote umeshahama kabla mpira haujafika. Mwambie kocha hilo moja. Nasi makocha tulifanyie kazi hilohilo msimu mzima, bila kumrundikia makosa mengine, hata akiendelea kukosa kwa wiki kadhaa. Oh mwenyewe alisubiri hadi msimu wa nne.