Uliza Fundi: Bajaji mpya inanitoa roho, nichukue kwa mkopo?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, naishi Kihonda. Nikishuka daladala Msamvu lazima nipite mbele ya duka la pikipiki, na kuna bajaji ya bluu pale, viti bado vina nailoni, inanitoa roho. Bei taslimu ni milioni 9.8. Nina milioni 3 za kikoba na dukani wanasema zinatosha kuwa kianzio, halafu nilipe 160,000 kila wiki kwa wiki 72. Nimepiga hesabu: dereva akiniletea 25,000 kwa siku, mara saba ni 175,000. Deni linajilipa na chenji inabaki. Dereva ninaye, mdogo wake mume wangu, ana leseni ya pikipiki. Mume wangu yeye anataka tununue ya jirani, iliyotumika, milioni 4.5. Tangu treni ya SGR ianze kuleta watu huku, abiria hawakosekani. Nifanyeje? Na kadi iandikwe jina la nani?

Mwalimu, Kihonda

JIBU

Marahaba mwalimu. Wauza bajaji wanajua wanachofanya, ndiyo maana ile nailoni hawaitoi. Nikiwa gereji nimeona watu wazima wanazunguka bajaji mpya wakiipapasa kama ng'ombe wa mahari. Kwa hiyo sikucheki.

Ila hesabu yako ningeitia alama nyekundu. 160,000 mara wiki 72 ni 11,520,000. Ongeza kianzio chako, unafika 14,520,000 kwa chombo cha milioni 9.8. Hiyo tofauti ya 4,720,000 ni karibu nusu ya bajaji ya pili, na dukani hawakukuandikia popote, walikutajia ya wiki tu.

Halafu hiyo "mara saba". Umewahi kukaa kijiweni? Siku moja katika wiki huwa ni ya dereva, anachopata ni chake. Ukimnyima ataipata kwa njia zake, atakwambia leo trafiki wamemshika, kesho abiria hakuna. Basi mara sita, 150,000. Umeshapungukiwa elfu kumi kila wiki na bado bajaji haijaharibika. Mafuta na pancha ni vya dereva. Oili, klachi, tairi na breki ni vya bosi, na bosi ni wewe. Wiki 72 zinavuka mwaka, kwa hiyo bima utaikata mara ya pili deni likiwa bado shingoni, na leseni ya LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, vilevile. Kiingilio cha kijiwe sijakigusa. Pale wanaposhuka abiria wa SGR tangu Juni 2024 si wewe peke yako uliyewaona, na kijiwe kizuri hakiingiwi bure.

Bajaji ya deni la wiki ikiingia gereji naijua kabla sijaambiwa. Deni halina likizo, kwa hiyo haisimamishwi. Oili imekuwa nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi, breki zimeisha mpaka chuma kinakwaruza chuma. Ukimuuliza dereva, anasema bosi kasema tumalize wiki hii kwanza. Na bajaji mpya ndiyo inayotaka kubembelezwa: ile oili ya mwanzo kabisa inatoka na unga wa chuma, kwa sababu vyuma vya ndani bado vinazoeana. Imwagwe mapema kama kitabu chake kinavyosema, na wiki za mwanzo isikimbizwe ikiwa imejaza. Kwa marejesho ya 160,000, nani atamwambia kijana asikimbize?

Huyo kijana sasa. Ni shemeji yako. Dereva wa nje akilaza hesabu, yaani asilete ile 25,000 yako, siku tatu unachukua ufunguo, yamekwisha. Shemeji akilaza hesabu unapigiwa simu na mama mkwe. Mimi simkatai, wapo mashemeji waaminifu kuliko ndugu wa tumbo moja, ila muandikishane, mume wako aweke sahihi na mwenyekiti wa kijiwe awe shahidi. Iandikwe hesabu ni kiasi gani, siku yake ni ipi, na bajaji ikiwa gereji hesabu inasimama au haisimami. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinacholeta ngumi.

Tena leseni ya pikipiki haitoshi. Aende akajifunze bajaji na aongezewe daraja la magurudumu matatu. Mtu wa pikipiki akikata kona analala nayo, bajaji hailali. Mbele ina gurudumu moja, kwa hiyo ukiingia kona kwa kasi ukashika breki, uzito unakimbilia pembeni mwa mbele, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuupokea. Inabinuka na abiria ndani.

Ya jirani kwa milioni 4.5 siidharau, ingawa mume wako asiinunue kwa kuwa ni ya jirani. Nendeni alfajiri, injini ikiwa ya baridi, muiwashe wenyewe. Ukiikuta ya moto, mtu ameshaiandaa. Mume wako apige resi wewe ukiwa nyuma: moshi wa bluu maana yake inakula oili, ringi zimechoka, na hapo punguzeni bei au ondokeni. Namba ya chesesi ilingane na ya kwenye kadi. Mkimaliza, mumlipe fundi asiyemjua jirani aiendeshe na shehena ya watu watatu kwenye mlima.

Ningekuwa wewe, ile ya bluu nisingeichukua kwa masharti hayo. Wewe ni mtumishi, una hati ya mshahara. Nenda SACCOS ya walimu uwaulize jambo moja tu: nikikopa hiyo milioni 6.8 iliyobaki, nitarudisha jumla shilingi ngapi? Linganisha na ile 11,520,000. Ikiwa nafuu na makato ya mwezi unayaweza hata bajaji ikilala, rudi Msamvu na fedha taslimu, na hapo ombeni punguzo. Bluu haziishi. Wakikujibu vibaya, basi ya jirani, ikipita mtihani wa alfajiri.

Kadi iandikwe jina lako, kwa TIN yako. Kwa mkopo wa dukani, kwa kawaida wangeishikilia wao mpaka umalize. Shemeji mpe nakala ya kuwaonyesha trafiki, na ile halisi usiifiche kwenye droo moja na ufunguo wa akiba.