Soda inakata pumzi ya mkimbiaji?

SWALI: Shikamoo daktari. Najiandaa na kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon. Kocha ametupiga marufuku soda, anasema gesi yake huingia kwenye damu na kukata pumzi. Lakini mimi nikifika kilomita ya 30 miguu inagoma, na soda ndiyo inayoniinua. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Kocha ana haki ya kuwazuia, ila sababu aliyowapa siyo. Gesi ya soda ni kabonidayoksaidi, ile ile unayoitoa ukipumua. Chupa ya mililita 300 ina kama lita moja ya gesi hiyo. Misuli yako ukiwa mbioni huzalisha lita mbili na zaidi kila dakika, na mapafu huzitoa bila taabu.

Shida iko tumboni. Gesi inalijaza, unabeua, kichomi kinakubana ubavuni, na unajiona umeshiba kabla hujanywa maji ya kutosha. Kwa jua la Moshi, hilo la mwisho ndilo baya zaidi.

Kinachokuinua ni sukari. Kilomita ya 30 akiba ya wanga misulini imekaribia kwisha. Mkimbiaji wa marathoni anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na chupa hiyo ya kola ina kama gramu 32. Mmarekani Frank Shorter alishinda marathoni ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akinywa Coca-Cola njiani, lakini iliyotolewa gesi.

Fanya hivi: mimina soda kutoka kikombe kimoja hadi kingine kama unavyopoza chai, mpaka povu liishe. Ongeza maji nusu ya kipimo cha soda, maana sukari nzito huchelewa kutoka tumboni. Tia chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Itafoka tena kidogo, ndiyo gesi ya mwisho hiyo. Chumvi ni muhimu kwa kuwa soda karibu haina, nawe unaimwaga kwa jasho.

Kafeini ya kola usiitegemee. Mtu wa kilo 60 huhitaji kama miligramu 180 ili imsaidie, yaani karibu lita mbili za kola. Utakimbilia chooni, siyo utepeni.

Zile za "bila sukari" hazikupi chochote mbioni. Na mchanganyiko huu uujaribu kwanza kwenye mazoezi ya masafa marefu, siyo siku ya mbio.