Laptopu ya mtumba yenye kibodi ya Kijerumani: njia za mkato za VS Code zimehama tu

Mkuu, umesema umenunua laptopu ya mtumba yenye kibodi ya Kijerumani, na sasa ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, Ctrl+` ya kufungua terminali (dirisha la kuandikia amri) haiitiki, wala Ctrl+/ ya kugeuza mstari kuwa maoni, yaani maandishi ambayo kompyuta huyaruka. Unauliza kama upange upya njia za mkato zote au uiuze mashine. Usiiuze. Nimeandika msimbo kwenye kibodi ya namna hiyo miaka mitatu hapa Arusha, na nilianza nikiwa nimekwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Kitufe kilichoandikwa Strg ndicho Ctrl. Entf ni Delete, Pos1 ni Home. Na zile njia ulizozikariri kwenye video za Wamarekani hazijafutwa. Kwenye Windows, mpangilio ukiwa wa Kijerumani, terminali hufunguka kwa Ctrl+Ö, na maoni huwekwa kwa Ctrl+#. Windows hukipa kila kitufe namba yake, na namba ambayo kwa Mmarekani iko kwenye /, kwa Mjerumani iko kwenye #. VS Code inafuata namba, haifuati maandishi yaliyochapwa juu ya kitufe.

Lakini usinichukulie kwa neno langu, angalia mwenyewe. Shikilia Ctrl, bonyeza K kisha S. Itafunguka orodha ya amri zote pamoja na vitufe vyake. Ukiwa kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza Alt+K, halafu bonyeza mchanganyiko wowote unaoufikiria. Orodha itakuonyesha ni amri zipi tayari zinautumia. Fanya hivyo kila mara kabla ya kupanga kitu kipya. Miezi yangu ya kwanza sikuwa nafanya hivyo, nikawa nazikanyaga amri nilizozihitaji bila kujua.

Wengi watakushauri uweke mpangilio wa Kimarekani na usiangalie vitufe. Ukiwa peke yako kwenye mashine, ni ushauri mzuri, hasa kwa sababu ya mabano: kwa Mjerumani { ni AltGr+7 na [ ni AltGr+8 (AltGr ni kile kitufe cha kulia kwa kitufe cha nafasi), na vidole vinachoka. Mimi sikuweza. Laptopu ile tulikuwa tunaitumia wawili. Mchana dada yangu alichapia kazi za wateja pale steshenari, barua na CV, na huwezi kumwachia mtu kibodi ambayo akibonyeza Z inatoka Y wakati mteja amesimama mbele yake. Kwa hiyo mpangilio niliuacha kama ulivyo, nikabadilisha njia za mkato chache ndani ya VS Code.

Nasisitiza chache. Mimi ninazo sita. Badilisha ile ambayo mkono wako unaifanya kutwa nzima na kila mara unalazimika kuangalia chini. Kwangu ya kwanza ilikuwa kuhama kati ya faili na terminali. Fungua kisanduku cha amri kwa Ctrl+Shift+P, andika keyboard shortcuts, chagua ile yenye neno JSON mwishoni, lakini siyo ile ya default, maana hiyo ni ya kusoma tu. Ndani ya yale mabano [ ] weka hivi:

{ "key": "ctrl+j", "command": "workbench.action.terminal.focus", "when": "!terminalFocus" },
{ "key": "ctrl+j", "command": "workbench.action.focusActiveEditorGroup", "when": "terminalFocus" }

Kitufe kimoja, kazi mbili. Ukiwa kwenye faili, Ctrl+J inakupeleka kwenye terminali. Ukiwa kwenye terminali, inakurudisha kwenye faili. Siri yote iko kwenye when, yaani sharti la ni wakati gani amri ifanye kazi. Ukiliacha, kitufe kinatawala kila mahali, hata pale usipokitaka. VS Code husoma kanuni hizi kuanzia chini kwenda juu na kuchukua ya kwanza inayolingana, kwa hiyo ya chini ndiyo yenye nguvu. Na ukitaka kuiondoa amri ya asili kwenye kitufe bila kuweka nyingine, andika jina la amri hiyo ukitanguliza alama ya kutoa.

Tahadhari moja ya kibodi yako: kwa Windows, AltGr ni sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja. Usipange amri yoyote kwenye Ctrl+Alt pamoja na 7, 8, 9, 0, Q au E. Hapo ndipo yanapokaa mabano yako, pamoja na @ na €.

Nyingine: zile maarufu ziache. Nilikuwa nimeipa Ctrl+D kazi ya kufuta mstari. Siku moja nikaenda Moshi kwa mteja kurekebisha tovuti yake, kwenye kompyuta yake. Nikabonyeza Ctrl+D mara mbili, macho yakiwa kwenye simu ya mteja aliyekuwa ananionyesha kosa. Kwenye mashine yake Ctrl+D ilikuwa bado ile ya asili: ya kwanza ikateua neno, ya pili ikateua neno kama hilo mistari kadhaa chini. Nikachapa. Yakabadilika yote mawili, nikahifadhi, na ukurasa wa malipo ukaacha kufunguka. Ilinichukua karibu saa nzima kuliona lile neno la pili. Nilirudi Arusha jioni ile nikaifuta kanuni ile, na mpaka leo nafuta mstari kwa Ctrl+Shift+K kama wengine wote.

Faili lako la kanuni liko %APPDATA%\Code\User\keybindings.json. Linakili kwenye flashi. Usawazishaji wa VS Code nao upo, kwa akaunti ya GitHub au Microsoft, ila mimi siingii kwenye akaunti yangu kwenye kompyuta ya mtu.

Kuhusu stika za kubandika juu ya vitufe ulizouliza: nilibandika. Za A na E zilianza kuteleza kabla ya miezi miwili, gundi ikabaki kwenye kitufe. Kama utabandika, bandika kwenye mabano na alama tu, zile ambazo vidole havizigusi kila dakika.