Umeongeza RAM, laptopu ikazidi kuwa nzito? Usikimbilie kuitoa

Kwa fundi wa kompyuta malalamiko haya si mageni. Mtu kanunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 pale Kariakoo, kafungiwa na kijana wa dukani, akifika nyumbani laptopu inajikokota kuliko ilivyokuwa na GB 4. Kesho yake ni ugomvi: "Umeniuzia RAM mbovu!"

Inawezekana. Lakini RAM mbovu kwa kawaida haikupunguzii mwendo, inakuangusha: skrini ya bluu, programu zinajifunga zenyewe, au mashine inakataa kuwaka kabisa. Laptopu ikiwa inafanya kila kitu, ila polepole, mimi huwa naanza kuuliza kitu gani kingine kiliguswa siku ile kifuniko cha chini kilipofunguliwa.

Bisibisi iweke pembeni kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha CPU. Tazama kasi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ikiwa mashine imetulia, kushuka hadi GHz 0.8 ni kawaida, inajipumzisha. Sasa fungua kivinjari, fungua Excel, cheza video, uone kama inapanda.

Kuna dada mhasibu alileta yake, Core i5 ya kizazi cha sita, mashine ambayo hata leo inafanya kazi za ofisi bila shida. Prosesa ilikuwa imeganda kwenye GHz 0.79, hata ukiifungulia nini. RAM ilikuwa nzima na GB zote zinasomeka. Tatizo lilikuwa waya wa betri. Aliyefunga RAM aliuchomoa kabla ya kuanza, na hapo alifanya vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Ila aliporudisha, plagi haikuingia mpaka mwisho. Mashine nyingi zisipoiona betri hubana prosesa makusudi, kwa kuwa chaja peke yake huenda isitoshe umeme pale prosesa inapohitaji mwingi kwa ghafla. Tukauchomoa tena, tukashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, tukaurudisha vizuri. Akaondoka na Excel yake.

Chaja nayo ina mambo. Laptopu nyingi za ofisini zinazokuja kama mtumba zina kijipini katikati ya mdomo wa chaja, na kupitia hicho mashine inajua chaja ni ya wati ngapi. Chaja ya bei poa inaweza kuchaji na isitambulike, na hapo prosesa inabanwa vilevile. Kipimo ni rahisi: chomoa chaja, tumia betri peke yake, utazame ile namba. Ikiruka kutoka GHz 0.8 hadi 2 na kitu, mshitakiwa umempata. Sikiliza na feni pia, kwa sababu waya wake ni mwembamba na mkono ukipita vibaya unachomoka. Feni isipozunguka, joto linapanda na prosesa inajipunguza yenyewe.

Kasi ya prosesa ikiwa sawa, ndipo uhamie sehemu ya Memory. Watu wanaogopa sana kuchanganya RAM, hofu ambayo naona imekuzwa. Ukichanganya DDR4 (aina ya RAM) ya kasi ya 2400 na ya 2133, zote zitatembea kwa 2133. Hasara ipo, ila katika kazi za kawaida hutaihisi. Hasara ya kweli ni hii: ulikuwa na mbili za GB 4, ukazitoa zote ukaweka moja ya GB 8. GB ni zilezile, lakini mwanzo prosesa ilivuta data kwa njia mbili kwa pamoja na sasa imebaki na moja. DDR4 ya 2133 inapitisha takriban GB 17 kwa sekunde kwa kila njia, kwa hiyo umekata nusu. Mwenye grafiki za ndani ya prosesa, yaani wengi wetu, ataliona hilo kwenye michezo na kuhariri video. Kama una matundu mawili ya RAM, yajaze.

Hapohapo tazama mstari wa Hardware reserved. Ukikuta GB kadhaa zimeshikiliwa, fungua msconfig, Boot, Advanced options, uone kama kuna mtu aliyeweka tiki kwenye Maximum memory kwa ushauri wa video za "ongeza kasi mara mbili". Iondoe, uwashe upya. Na kama Windows yako ni ya biti 32, GB 4 ndiyo mwisho wake, hata ukiijaza 16.

Kuna jambo la diski ambalo wengi hawalitegemei. Windows 10 hutenga faili la kulala, hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM. Kutoka GB 4 hadi 16, faili hilo linatoka GB 1.6 hadi 6.4. Kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya GB 128 iliyokuwa imebakiza nafasi kidogo, hapo umeimaliza, na SSD iliyojaa ni nzito. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, faili litaondoka. Utapoteza kulaza mashine kwa hibernate na ile njia ya kuwaka haraka, jambo dogo kwa mwenye SSD. Ila kama bado unatumia diski ya kuzunguka na inasoma asilimia 100 muda wote, pesa ya RAM ingeanzia kwenye SSD. Nasema hivi kwa kila mteja na wengi hawanipendi kwa hilo.

Yote yakiwa safi, sasa ishuku RAM. Safisha meno yake (vile vipande vya rangi ya dhahabu) kwa kifutio cheupe cha penseli, ipangue na kuirudisha mpaka vibanio vya pembeni vilie. Kisha iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, RAM moja moja, katika tundu lilelile. Ikiwa ni RAM moja tu kati ya hizo mbili inayotoa makosa, piga picha ya skrini na urudi nayo dukani pamoja na risiti.