Nikivunjika mguu kwa kuruka na parachuti, bima ya kazini italipa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Moshi. Kampuni yetu imetukatia bima ya afya ya kikundi kwenye kampuni binafsi ya bima, na mke wangu na mtoto wamo. Kuna mgeni wangu Mmarekani niliyempandisha mlimani mwaka jana. Anarudi mwezi wa tatu na amenialika Diani, Kenya, turuke kwa parachuti, mimi nikiwa nimefungwa pamoja na mkufunzi. Anasema aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu akiruka, na bima yake ikalipa kila kitu. Yangu nayo italipa? Na kama bosi akinituma rasmi kusindikiza wageni huko, jibu linabadilika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihesabu kwamba utalipwa mpaka uwe na maandishi ya kampuni ya bima yanayosema hivyo. Mikataba mingi ya bima binafsi ya afya ninayoisoma hapa Moshi na Arusha inaondoa majeraha ya michezo ya hatari, na kuruka kwa parachuti huwa hakukosekani kwenye orodha hiyo. Ila mingi si yote. Kadi yako haitakuambia, wala kile kijitabu mlichogawiwa chenye majina ya hospitali. Unachohitaji ni mkataba wenyewe, ambao kwa bima ya kikundi unakaa kwa mwajiri. Nenda kwa mhasibu au ofisa utumishi uombe nakala. Una haki ya kujua masharti yanayokuhusu, na hakuna mwajiri mwenye akili atakayekunyima.

Ukishaupata, ruka kurasa za mwanzo zenye ahadi nzuri nzuri. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyofidiwa, ambayo mara nyingi iko mwishoni, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Usitafute neno parachuti peke yake, maana kuna mikataba isiyolitaja kabisa na bado itakukatalia. Njia moja ni kifungu cha usafiri wa anga: mkataba unafidia ajali ya angani ikiwa tu mtu ni abiria aliyelipa nauli kwenye ndege yenye leseni ya kubeba abiria. Wewe utapanda ile ndege ndogo kama abiria, sawa, lakini utashuka katikati ya safari, na mchambuzi wa madai hatakuwa na kazi ngumu kukuambia kwamba wakati unaumia hukuwa abiria wa chombo chochote. Njia nyingine ni kifungu kinachoondoa madhara ya mtu kujiingiza kwa hiari kwenye hatari isiyo ya lazima. Kifungu hiki ni kipana mno, na binafsi sikipendi, kwa sababu kinaweza kuvutwa kufunika hata mtu aliyepanda mparachichi wake akaanguka. Maneno ya mkataba yakiwa na utata, kanuni ya sheria ni kwamba yasomwe dhidi ya aliyeyaandika, yaani kampuni ya bima. Kanuni hiyo ni silaha nzuri mbele ya hakimu, lakini dirishani hospitalini haikusaidii kitu.

Hapa nataka nikucheleweshe kidogo, maana nina wasiwasi zaidi na jambo ambalo hukuniuliza. Kwenye kifungu hichohicho cha michezo ya hatari, jirani kabisa na parachuti na kupiga mbizi, tazama kama kuna kupanda milima. Maneno ya zamani ya bima za ajali, ambayo bado yananakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba, huondoa upandaji milima unaohitaji kamba au waongozaji. Waongozaji ndio ninyi! Hakuna mtu anayepanda Kilimanjaro bila mwongozaji, kwa sababu kanuni za hifadhi zinamlazimisha kuwa naye. Kwa hiyo inawezekana kijana anayewafikisha watu mita 5,895 akawa na bima inayoondoa kazi yake ya kila wiki, naye ana wasiwasi na siku moja ya Diani. Sisemi mkataba wenu uko hivyo. Nasema usome mistari hiyo miwili kwa pamoja, na ukikuta mlima nao umeondolewa, mkamfuate bosi mkiwa wengi, kabla ya msimu wa Juni kuanza. Kampuni ya bima huweza kukirudisha kitu kilichoondolewa kwa nyongeza ya mkataba, kwa kuongeza ada. Mlima wanaujua, watakubali kuzungumza. Parachuti watakuwa wagumu.

Ugumu wao hautokani na takwimu za vifo. Chama cha waruka parachuti cha Marekani, USPA, kilihesabu vifo 10 mwaka 2023 katika miruko takriban milioni 3.65. Kwa mtu wa bima hiyo ni hatari inayokadirika vizuri. Tatizo ni kwamba hapa kwetu wanaoruka ni wachache mno, kampuni haina hesabu zake za kupangia bei, na mtu akiumia huumia vibaya: kifundo, mifupa ya mguu kuanzia goti kushuka chini, uti wa mgongo, mara nyingi wakati wa kutua. Kuliko kukaa chini na kukokotoa, wanaandika mstari mmoja wa kuondoa, basi. Ni uvivu, lakini ni uvivu halali.

Sasa huyo mgeni wako. Simwiti mwongo. Marekani bima nyingi za kawaida za afya hazimuulizi mtu aliumiaje, na tangu sheria yao ya mwaka 2010 bima za watu binafsi zinapaswa kujumuisha huduma ya dharura na kulazwa. Hata hivyo, nako kuna mlango wa nyuma. Kanuni za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria yao iitwayo HIPAA, zinakataza bima ya kazini kumnyima mtu uanachama kwa sababu anaruka au anaendesha pikipiki, lakini haziizuii bima hiyo kukataa kulipia jeraha lililotokana na mchezo huo. Anaingia, ila siku ya jeraha anaweza kujikuta nje. Yeye bahati ilimwangukia. Akikuambia pia kwamba uanachama wa USPA una bima, mwambie ndiyo, lakini ile hulipa hasara unayomsababishia mtu mwingine au mali yake. Mguu wako wewe haumo.

Halafu kuna mpaka. Diani ni Kenya, na bima yako huenda inaishia Holili. Tafuta kwenye mkataba eneo la kijiografia: mingine ni Tanzania tu, mingine ni Afrika Mashariki, mingine inaruhusu dharura nje ya nchi kwa siku kadhaa tangu uvuke, tena kwa utaratibu wa kulipa kwanza kisha kurejeshewa. Wasomaji wenye kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, msijidanganye na kadi hiyo mkivuka: inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko, kwa huduma zilizomo kwenye kitita chake, hapa nchini.

Wengi huniuliza kuhusu Flying Doctors wa Amref, kwamba wakiwa wanachama wako salama. Huduma ile ni nzuri, na ilianzia huku kwetu, kwa madaktari wa upasuaji waliokaa wakaipanga kwenye miteremko ya Kilimanjaro katika miaka ya 1950. Lakini elewa unanunua nini: ndege ya kukutoa mahali ulipoumia na kukufikisha hospitali. Bili ya hospitali yenyewe ni ya mwingine. Uliza pia kama kifurushi unachokitaka kinakubali mgonjwa aliyeumia kwa parachuti, na kama uwanja mdogo wa Ukunda, ulio karibu na Diani, unahesabika kwenye eneo lako.

Tuseme umepita vizingiti vyote hivyo na bima imekubali. Umevunjika mfupa wa ugoko, umefanyiwa upasuaji, umerudishwa Moshi, unaendelea na kliniki ya mifupa KCMC. Angalia kikomo cha vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa, kwa sababu mikataba mingi huvipa kikomo chake, kidogo kuliko kile cha kulazwa. Angalia na mazoezi ya viungo, ambayo huhesabiwa kwa idadi ya vikao. Hapo ndipo watu hushangaa kuambiwa waongezee fedha ilhali kadi ina mamilioni.

Na hata hospitali ikilipwa yote, wewe umelipwa nini? Bima ya afya humlipa daktari. Haikulipi wewe mshahara, wala bahshishi za wageni, ambazo najua ndizo zinazojenga nyumba. Ugoko uliovunjika mwishoni mwa Machi unaweza kukuweka chini miezi kadhaa, na mtu hatoki kwenye magongo akaenda kambi ya Barafu kule mlimani na mzigo wiki inayofuata. Julai na Agosti utazisikilizia redioni. Kinachojaza pengo hilo ni bima ya ajali binafsi, ambayo hukulipa wewe mwenyewe: kiasi fulani kwa wiki ukiwa huwezi kufanya kazi, na kiasi kikubwa ukipata ulemavu wa kudumu au familia ikibaki bila wewe. Kwa mtu anayekula kwa miguu yake, ningeitafuta hiyo hata kama Diani haiko kwenye ratiba. Nayo ina kifungu cha michezo ya hatari, kwa hiyo parachuti iombewe nyongeza kwa tarehe maalumu. Kuombea mruko mmoja wenye tarehe, mahali, na mkufunzi mwenye leseni ni rahisi kuliko kuomba ruhusa ya jumla ya mchezo mzima. Ukishindwa hapa, ipo bima ya safari yenye kipengele cha michezo. Baadhi hukubali mruko wa kufungwa na mkufunzi huku zikikataa wa peke yako, hivyo taja wazi utaruka vipi.

Utapata mshauri wa kijiweni atakayekuambia: ukiumia, sema ulianguka ngazini. Usithubutu. Bima imejengwa juu ya nia njema, na dai la uongo linaweza kukufuta wewe na kuwaingiza wenzako wa kikundi kwenye matatizo wakati wa kuhuisha mkataba. Isitoshe daktari wa Kenya ataandika alichokiona, pasipoti ina muhuri, na mgeni wako atakuwa amesharusha video yako unapiga kelele angani kabla hujafika chumba cha eksirei.

Kule Diani utapewa karatasi ya kusaini kwamba hutawadai wakikuumiza. Karatasi hiyo peke yake haivunji bima yako ya afya. Lakini kampuni ya bima ikishalipa hasara kwa niaba yako, mara nyingi hutaka kusimama mahali pako na kumdai aliyesababisha. Kama umeshasamehe kila kitu, hata uzembe, umewafungia mlango huo, na baadhi ya mikataba ina sharti la kutofanya hivyo. Omba nakala ya karatasi hiyo mapema, uiambatishe kwenye barua yako.

Kuhusu bosi kukutuma, ndiyo, jibu linabadilika, ila kwenye mfuko mwingine kabisa. Bima ya afya haitajali sana nani alikutuma. Jambo lililoondolewa limeondolewa. Lakini ajali iliyotokea ukiwa kazini ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Huo hugharimia matibabu na pia hufidia kipato na ulemavu. Swali litakalogombewa ni kama kuruka kulikuwa sehemu ya kazi. Kusindikiza wageni mpaka uwanjani ni kazi. Kuvaa mikanda na kuruka kwa sababu mgeni amekulipia ni starehe yako, hata kama ulikuwa na sare ya kampuni. Kama bosi anataka uruke na wageni kama sehemu ya huduma, aandike barua kabla ya safari ikisema hivyo kwa maneno hayo, ikiwa na tarehe na mahali. Ukiumia, mpe taarifa hapo hapo, maana naye ana siku 7 za kuuarifu Mfuko. Dai lenyewe lisivuke miezi 12. Na hakikisha kwanza kama jina lako limo kwenye orodha ya wafanyakazi anaowachangia. Waongozaji wengi wanaoitwa kwa safari moja moja hugundua kwamba hawamo siku wanapokwenda na magongo.

Barua yako kwa kampuni ya bima isiwe ndefu. Iandike hivi: “Mimi ni mwanachama namba fulani katika mkataba wa kikundi wa kampuni fulani. Tarehe fulani nitaruka kwa parachuti Diani, Kenya, nikiwa nimefungwa na mkufunzi. Naomba mnijibu kwa maandishi kama matibabu ya jeraha litokanalo na mruko huo yanafidiwa, chini ya kifungu gani, kwa kikomo gani, na kama usafirishaji wa dharura umo.” Ipitishe kwa mwajiri, kwani yeye ndiye mwenye mkataba. Jibu la wakala kwenye simu, hata akiwa shemeji yako, halitoshi. Lazima litoke kwa kampuni yenyewe. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka bila kutaja kifungu, hesabu kwamba wamekataa.

Ikitokea wamekubali kwa maandishi kisha wakageuka baada ya ajali, anza na ofisi yao ya malalamiko, kisha ofisi ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha. Ukiona bado, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla hujafikiria mahakama. Peleka barua yao, mkataba, taarifa ya daktari na risiti zote halisi, ubaki na nakala. Nami nitumie kile kifungu cha kupanda milima ukishakipata, nikuandikie namna ya kuomba nyongeza kwa ajili yenu wote.