Maswali Yenu: Modeli yangu inapata asilimia 98, je iko sawa?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza PhD ya kompyuta na nimeitwa intavyuu ya postidoki (kazi ya utafiti baada ya PhD) Ufaransa, mradi wa kutumia ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutoka kwenye mifano, kutambua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwenye picha za ubongo za MRI. Nimejaribu mwenyewe na data za ADNI, mradi wa Marekani unaokusanya picha za ubongo za wagonjwa na wazima, modeli yangu (programu iliyojifunza) ikapatia asilimia 98, sasa kuna kazi gani imebaki? Na nikirudi nyumbani itamsaidia nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa hiyo PhD. Ila kabla hujaiweka hiyo 98 kwenye slaidi, niambie kwanza, data uligawaje? Maana skani moja ya MRI ukiifungua unakuta vipande zaidi ya mia, na wengi wanavimwaga vyote pamoja halafu programu inagawa kibahati, hivi vya kufundishia, hivi vya kupimia. Hapo bibi mmoja kipande chake cha 60 kipo kwenye mafunzo, cha 61 kipo kwenye mtihani, na vimefanana kabisa, kwa hiyo modeli inamkumbuka bibi, ugonjwa haijaujua. Na ADNI tangu ianze 2004 inawapiga picha watu walewale tena na tena, kwa hiyo hata skani ya bibi ya mwaka unaofuata lazima ikae upande uleule. Gawa kwa mtu! Hili si lako peke yako, mwaka 2020 watafiti wa Paris walipitia makala za kazi hiihii wakaona zaidi ya nusu huenda zina tatizo hilo.

Ukirekebisha namba itashuka, usiogope, nenda na hiyo iliyoshuka na ueleze kwa nini. Halafu ipime kwenye data za sehemu nyingine kama OASIS, mkusanyiko mwingine wa picha za ubongo wa kule St. Louis, Marekani, maana skana ikibadilika modeli nyingi zinayumba. Kazi iliyobaki ndo ngumu yenyewe: kumtofautisha mgonjwa wa wazi na mtu mzima mwenye afya daktari anaweza bila wewe, ila yule aliyeanza kusahausahau tu, ataishia Alzheimer au atabaki hivyohivyo? Hapo ndo familia zinataka jibu, na mimi ningeweka nguvu zangu zote hapo.

Kuhusu nyumbani, we uko Morogoro, si unaijua Mahenge? Ujuzi huohuo unaweza kufaa kwenye kifafa, na kule kipo kingi na kimehusishwa na ugonjwa wa usubi, watafiti wanakifuatilia tangu miaka ya 1960. Duniani WHO inasema watu kama milioni 50 wana kifafa na karibu asilimia 80 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Kipimo chake ni EEG, kinachochora umeme wa ubongo kama mistari, waya za kichwani tu, bei yake haifiki popote karibu na MRI, shida ni nani ataisoma ile mistari, na hapo modeli iliyopimwa kwa uaminifu inaweza kumsaidia daktari sana, japo EEG ikitoka safi bado haimaanishi mtu hana kifafa.

Kwenye intavyuu waulize kama mkataba unaruhusu sehemu ya muda wako iende kwenye EEG, na kama kuna daktari wa neva ndani ya timu. Kama hayupo, waambie unamhitaji.