Mfupa wa mtoto ulioungika umepinda, ni kweli unajinyoosha wenyewe?

Dada, pole sana, na mfikishie kijana pole zetu. Kwa jinsi ulivyoeleza: ana miaka 7, kaanguka kwenye mwembe, mkono umevunjika karibu na kiganja, amefungwa P.O.P (plasta ngumu), na eksirei ya baada ya kufungwa bado inaonesha mfupa umeinama nyuzi 15 hivi kuelekea mgongo wa mkono. Daktari kasema uachwe, utajinyoosha. Wewe unaona kama amekupuuza, na mama mkwe anataka plasta ikatwe mtoto apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa. Mimi nafanya kazi chumba cha plasta, na msimu wa maembe mikono ya aina hiyo haikauki mlangoni kwetu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako wazazi wengi hubaki nalo moyoni.

Daktari hajakupuuza. Shida ni kwamba mifupa tuliyozoea kuiona ni ile ya kwenye sahani, mikavu, kwa hiyo tunadhani ukishapinda ndiyo basi. Mfupa ulio mwilini una damu, una mishipa ya fahamu, na una uboho ndani unaotengeneza chembe za damu. Ugumu wake unatokana na madini ya kalsiamu na fosfati, lakini madini hayo yamejishika kwenye nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, na nyuzi hizo ndizo zinazoufanya uweze kunepa kidogo bila kukatika. Kwa mtoto madini bado hayajajaa kama kwa mtu mzima, na utando unaoufunika mfupa ni mnene. Ndiyo maana mfupa wake mara nyingi hupasuka upande mmoja tu, ule mwingine ukapinda, kama kijiti kibichi.

Ndani ya mfupa huo kuna seli za kubomoa na seli za kujenga, na hazipumziki maisha yako yote. Ukivunjika, damu inaganda pale palipovunjika, kisha linajengwa daraja laini la gegedu (kitu kama mfupa laini, mfano wa ule wa sikioni) na nyuzi, baadaye linageuka mfupa. Kwa mtoto, eksirei ya wiki ya tatu mara nyingi inaonesha wingu jeupe limezunguka sehemu iliyovunjika. Ukiliona, furahi, kazi inaendelea. Baada ya hapo ndipo kunyooka kunapoanza: upande wa ndani wa kona, unaobanwa zaidi na mzigo, unaongezewa mfupa, na upande wa nje uliotokeza unaliwa polepole. Daktari wa Kijerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba, na hata leo tunafanya kazi kwa msingi huo.

Lakini kwa mtoto kuna jambo lingine, na ndilo kubwa zaidi. Chukua ile eksirei, iinue dirishani penye mwanga. Juu kidogo ya kiganja utaona mstari mweusi umekata mfupa kwa upana. Wazazi wengi wanapouona wanashtuka, wanasema mbona amevunjika pawili! Hapana. Hilo ni gegedu la ukuaji, na gegedu halionekani kwenye eksirei, linaacha nafasi tu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mfupa wa upande wa kidole gumba hupata robo tatu ya urefu wake, au zaidi kidogo, kutoka kwenye gegedu hilo la karibu na kiganja. Mfupa ukiinama, gegedu linaanza kukua kwa kasi zaidi upande mmoja hadi ncha irudi kutazama inakotakiwa. Mwanao amevunjika karibu kabisa na mtambo huo, na bado ana miaka mingi ya kukua. (Magegedu hayo hufunga ujana ukiisha, wasichana wakitangulia wavulana. Ndiyo maana FIFA huwapiga wachezaji wa chini ya miaka 17 picha za MRI (za mashine ya sumaku) za kifundo cha mkono. Gegedu lililokwisha kufunga kabisa linasema mengi kuliko cheti cha kuzaliwa.)

Sasa usije ukachukua maneno haya ukampa jirani ambaye mtoto wake ana miaka 14. Huyo muda wa kunyooka umebaki mdogo, na nyuzi zilezile 15 zinaweza kumpeleka chumba cha upasuaji. Vivyo hivyo aliyevunjika karibu na kiwiko: gegedu la huko linachangia kidogo, kwa hiyo madaktari huwa wakali zaidi. Na mfupa uliojizungusha, yaani kipande kimoja kimegeukia upande mwingine, usitegemee utajirudi. Muulize daktari wako swali hilo moja kwa moja: umeinama tu au umezunguka pia?

Kuhusu mama mkwe, simdharau, anampenda mjukuu wake. Ila mwambie kwa upole kinachotutisha. Misuli ya mkono imefungwa ndani ya utando usiotanuka. Mkono ukivimba huku umebanwa na vijiti na kitambaa, damu inashindwa kupita, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Nimepokea watoto ambao mfupa uliunga vizuri kabisa lakini vidole vimekunjamana havifunguki tena. Hata P.O.P yetu inaweza kufanya hivyo ikibana. Kwa hiyo usiku ukiona maumivu yanazidi hata baada ya dawa, mtoto analia ukimnyooshea vidole, vidole vimekuwa baridi, vimepauka au anasema vimekufa ganzi, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo plasta ipasuliwe.

Supu ya kongoro mpe kama anaipenda, haina ubaya, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, pamoja na maziwa, ndivyo vitakavyomsaidia zaidi. Na atoke nje apate jua, maana bila vitamini D kalsiamu anayokula mwili hauifyonzi vizuri.

Kitu ambacho usikikose ni eksirei za marudio za wiki mbili tatu za mwanzo. Uvimbe ukipungua plasta hulegea, na mfupa unaweza kuteleza kutoka nyuzi 15 hadi 30 bila mtoto kulalamika. Ukigundulika mapema, wakati bado haujashika, ni rahisi kuurudisha. Ukigundulika wiki ya sita, ni shughuli nyingine kabisa. Nenda na eksirei ya kwanza mkononi ili walinganishe. Plasta ikitolewa utakuta mkono umekonda, ngozi imekauka, na ukipapasa kuna nundu ngumu pale palipovunjika. Hiyo ni kawaida, itapungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Usimruhusu mtu aikande. Mwembe, baiskeli na mpira wa kusukumana visubiri wiki kadhaa baada ya plasta kutoka, kwa sababu mfupa mpya unaweza kuvunjika tena palepale.

Ukishapiga eksirei ya marudio, rudi hapa utueleze daktari kasemaje.